Toa uvimbe, liache titi: upasuaji wa fibroadenoma kubwa kwa wasichana

Wenzangu, msichana wa miaka 14 analetwa, titi moja limekua kwa kasi ndani ya miezi michache. Ngozi imekaza hadi inang'aa, mishipa ya damu imetokeza, chuchu imesukumwa pembeni. Mzazi anauliza: ni saratani? Kwa umri huo, ni nadra sana. Mara nyingi ni fibroadenoma, uvimbe wa titi usio wa saratani, nayo huitwa kubwa ikizidi sentimita 5, au gramu 500, au ikichukua asilimia 80 ya titi.

Anzeni na altrasaundi. Mamografia, yaani eksirei ya titi, msijisumbue nayo. Titi la kijana lina tishu nzito, picha haionyeshi la maana. Kisha biopsi ya sindano nene, yaani kuchukua vipande vya tishu vikapimwe. Sindano nyembamba hutoa seli tu, na seli peke yake hazitenganishi vizuri fibroadenoma na uvimbe wa filodi, unaofanana nayo ila wakati mwingine huwa wa saratani. Hata ile nene huchukua vipande vichache vya donge kubwa, kwa hiyo donge zima lazima liende maabara baada ya upasuaji. Tahadhari moja: kwa mtoto ambaye titi ndiyo kwanza linachipua, kile kifundo chini ya chuchu ndicho titi lake lote la baadaye. Ukikikata, halitaota jingine.

Kosa baya kuliko yote huanzia kichwani mwa mpasuaji, kabla hajashika kisu. Anatazama, haoni titi la kawaida, anaamua kuliondoa lote. Lakini lipo! Limebanwa na kutandazwa kuuzunguka uvimbe, jembamba kama chapati iliyosukumwa. Uvimbe ukitoka, tishu hiyo hujirudi polepole.

Chale nzuri ni ile ya kwenye mkunjo chini ya titi: kovu hujificha, na mifereji ya maziwa haiguswi. Ya ukingoni mwa duara la chuchu inapendeza, ila kwa donge kubwa nafasi haitoshi, na ukivuta kwa nguvu ngozi inachanika. Ukishafika kwenye gamba la uvimbe, lifuate hilohilo, ukitenganisha kwa kidole au mkasi butu. Mishipa iliyotanuka huvuja sana, ifunge mmojammoja. Upande wa nje nenda taratibu, ndiko inakopita neva ya nne ya mbavuni inayoipa chuchu hisia.

Shimo linalobaki linatisha. Msilishone kwa ndani kwa kukaza, titi litapinda. Wekeni dreni, mrija wa kutoa damu na majimaji, kwa sababu damu ikijikusanya humo mtarudi chumba cha upasuaji usiku uleule. Ngozi iliyozidi nayo iacheni. Ya kijana hunywea yenyewe, na anayetaka kurekebishwa umbo asubiri miezi 6 hadi 12.

Majibu ya maabara yakisema filodi isiyo ya saratani, kingo za donge zikiwa safi, yaani uvimbe haukufika kwenye mkato, fuatilieni tu. Ikiwa ya daraja la kati au ya saratani, rudini mkapanue ukingo, kwa kawaida sentimita 1.