Aliyetupa Kisogo

Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, ahsanteni kwa kufika.

Novemba 2014, katika kituo cha matatu jijini Nairobi, wanaume walimzingira mwanamke wakamvua nguo, wakidai amevaa isivyofaa. Mmoja akarekodi. Video ikasambaa kuliko habari yenyewe. Tarehe 17 mwezi huo wanawake wakaandamana barabarani, na kauli yao ikaenea mitandaoni kwa alama ya reli: nguo yangu, uamuzi wangu.

Mwaka 2015 Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi, alikichora kisa hicho, na kauli ile ndiyo akaifanya jina la picha: #mydressmychoice. Itazameni hapa ukutani. Mwanamke amelala uchi, katupa kisogo. Juu yake imejipanga miguu ya wanaume, miguu tu.

Mlalo huo umetoka kwa Velázquez, mchoraji Mhispania wa karne ya 17, ambaye picha yake ya Zuhura, mungu wa kike wa mapenzi, iko katika jumba la sanaa la National Gallery, London. Zuhura yule ameshikiwa kioo na mtoto mwenye mabawa, na uso wake tunauona humo kwa ukungu. Sasa, sisi Waswahili uso wa simu nao tunauita kioo. Neno hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Tunazoea kusema mtandaoni kila mtu hujichorea sura anayoitaka: hupiga, huchagua, hufuta. Mwanamke wa Nairobi hakuchagua chochote. Kioo alishikiwa na waliomdhalilisha, na kwa maelfu ya watu akabaki kuwa video ya sekunde chache, si binti ya mtu, si abiria aliyekuwa safarini.

Rangi za Armitage hazikupakwa kwenye turubai. Zimepakwa kwenye lubugo, gome la mti wa mutuba, ambalo Waganda hulipondaponda kwa nyundo za mti hadi liwe kitambaa. Kwa kawaida yao, ndilo la kumzika maiti kwa heshima. Armitage alilikuta sokoni Nairobi likiuzwa kwa watalii. Nalo, kumbe, lilikuwa limeng'olewa kwao likapewa maana nyingine! Lina matundu na mishono, na mchoraji hayafichi. Rangi inapofika kwenye kovu, kovu linabaki.

Mimi video ile niliipokea wiki ile ile, nikaifungua. Niliitazama kwa kidole gumba, ikapita. Picha hii hainiruhusu kupita. Wenye viatu wamesimama upande ule, nami nimesimama upande huu, na yeye yuko katikati yetu.

Kabla hatujaanza maswali, nina ombi moja. Kama kuna ambaye video ile bado imo kwenye simu yake, tafadhali aifute sasa hivi. Nitasubiri.