Ukisikia Baraka, Itikia: Mhadhara Kuhusu Sala ya Kiyahudi

Ndugu zangu, hamjambo. Asanteni kwa kuja na mvua hii. Nimepewa dakika arobaini, na mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo nitajitahidi asije akanigongea meza.

Jumamosi ijayo wengi wenu mtaingia sinagogi kwa mara ya kwanza. Nianze na aibu yangu, ili zenu ziwe ndogo. Nilipokuwa nasoma ng'ambo, mwanafunzi mwenzangu alinialika sala ya asubuhi ya Sabato. Nikaenda na daftari jipya na kalamu mbili, msomi kamili. Sala ilipoanza nikafungua daftari nikaanza kunakili. Mzee aliyekaa jirani yangu hakusema kitu. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu wenye kalamu, akatabasamu, kisha akanifunulia kitabu cha sala na kuniwekea kidole pale walipofika. Siku ya Sabato hawaandiki. Kuandika kumo katika kazi zilizokatazwa siku hiyo, pamoja na kuwasha moto. Nikaficha kalamu. Baada ya dakika mbili nikawa nimepotea, naye akanirudisha kwa kidole. Saa mbili na nusu nzima mzee yule alikuwa akisali kwa mdomo na kunifundisha kwa kidole, na sijui ni kipi kilimchosha zaidi.

Sasa, sisi wa Kiswahili tuna maneno mawili yatakayotusaidia leo: sala na dua. Waislamu mliopo hapa hamhitaji maelezo yangu. Swala ina wakati wake, maneno yake na miondoko yake. Dua unaomba popote ulipo, kwa lugha yako, na shida zako mwenyewe. Wakristo, na nasema kama mmoja wao niliyelelewa katika mikesha, tumeegemea sana upande wa maombi. Mtu anafumba macho na kumimina yaliyo moyoni. Tukimwona mwenzetu anasoma sala kitabuni tunamwonea huruma, tunadhani amekosa la kusema.

Mkiingia sinagogi na jicho hilo, mtaona watu wanasoma tu. Kumbe wanachofanya ni sala kwanza, na dua imo ndani yake. Wanasali mara tatu kwa siku: Shakariti asubuhi, Minha alasiri, na Maarivu usiku. Litamkeni hilo la mwisho polepole. Maarivu, Magharibi. Shina la neno ni moja. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya walimu wao wa zamani, inatoa maelezo mawili ya nyakati hizi: kwamba zilianzishwa na Abrahamu, Isaka na Yakobo, au kwamba zinafuata sadaka zilizotolewa kila siku katika Hekalu la Yerusalemu. Mimi hayo ya pili ndiyo hunifumbua macho. Warumi walilibomoa Hekalu mwaka 70. Madhabahu hakuna, mwanakondoo hakuna, lakini saa ya sadaka bado inafika kila siku, na kinachotolewa ni maneno. Mtu hachelewi madhabahuni kwa sababu leo hajisikii.

Je, moyo uko wapi? Swali hilo walijiuliza wenyewe zamani kuliko sisi. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliokamilika yapata mwaka 200, Rabi Eliezer, rabi maana yake mwalimu wa dini, anaonya kwamba anayeifanya sala yake kuwa jambo la mazoea tu, sala hiyo si maombi. Kinachotakiwa wanakiita kavana, neno linalotokana na kuelekeza, yaani kuuelekeza moyo. Sisi tuna neno tayari, tena zuri: nia. Sala bila nia ni midomo. Lakini hawakusema, kwa kuwa nia imekosekana, tufute sala tusubiri nia irudi. Walisema sali, na nia itakukuta njiani.

Tuingie ndani. Mwanamume utapewa kofia ndogo mlangoni, inaitwa kipa. (Kicheko.) Naam, kipa, lakini huyu hadaki mpira. Ivae, hata kama si Myahudi. Ni heshima ya mahali. Shali yenye vishada pembeni, taliti, usiivae. Hiyo ni yao. Akina mama, katika masinagogi ya Kiorthodoksi, yaani ya Wayahudi wanaoshika sana mila ya zamani, mtakaa upande wenu, kuna kizuizi katikati; katika mengine watu huchanganyika. Simu zizimwe kabisa, na hakuna picha. Na hakuna kikapu cha sadaka! Najua hilo litawashangaza kuliko yote. Pesa haziguswi siku ya Sabato.

Mtaona kabati mbele, lenye pazia mara nyingi, na taa isiyozimwa juu yake. Humo mna magombo ya Torati. Watu husali wakielekea Yerusalemu, na hapa Nairobi hesabu yake ni rahisi, kwa sababu Yerusalemu iko karibu moja kwa moja kaskazini yetu. Maka nayo ni kaskazini, ikisogea mashariki kidogo. Kwa hiyo Mwislamu na Myahudi wakisali mji huu, migongo yao iko karibu upande mmoja.

Kitabu cha sala kinaitwa siduri, maana yake mpangilio. Katika karne ya 9 Wayahudi wa Hispania waliwaandikia wanazuoni wa Babeli wakiomba utaratibu wa sala, na Rav Amram akawatumia. Ndio wa kwanza mkamilifu tunaoujua. Kinafunguliwa kutoka kulia. Mliopita madrasa hamtapata tabu. Wengine tutakishika miguu juu hadi mtu atuhurumie.

Halafu mtasikia mngurumo. Kila mtu anasoma kwa mwendo wake, nusu sauti, huyu anatikisa mwili, yule amesimama tuli, na kiongozi anapandisha sauti mwishoni mwa kila fungu ili wote wajue pamefikiwa wapi. Kuna atakayeingia amechelewa saa nzima na kuanza mwanzo. Wala msishindane na ukurasa. Mimi nilishindana nikashindwa, na nilichokosa ni sala yenyewe.

Zipo sehemu mbili ambazo ukizitambua umeshika uti wa mgongo. Ya kwanza ni Shema: "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja." Ni Kumbukumbu la Torati 6:4. Watafunika macho kwa mkono wa kulia. Kisha yanafuata maneno ya kumpenda Mungu kwa moyo wote na kwa roho yote, na kwa Kiebrania hiyo roho ni nefesh. Nafsi. Tegeni masikio, maneno yetu yamejaa humo: barukh na baraka, shalom na salamu, kadosh na kudusi.

Ya pili ni Amida, sala ya kusimama. Hatua tatu nyuma, tatu mbele, kama anayemwendea mfalme. Miguu imebanwa pamoja. Midomo inacheza bila sauti kusikika. Huo ni mtindo wa Hana, mama yake Samweli. Mnamkumbuka: alisali moyoni, midomo tu ikitikisika, na kuhani Eli akadhani amelewa. Marabi walimchukua mwanamke yule aliyedhaniwa mlevi wakamfanya mwalimu wa sala. Simameni nanyi, kimya, msizungumze na mtu, msipite mbele ya anayesali.

Siku za kazi Amida ina baraka 19, ingawa bado inaitwa Kumi na Nane kwa kuwa moja iliongezwa baadaye na jina halikubadilika. Katikati mna maombi 13: akili, toba, uponyaji, riziki, mvua. Ya mvua inachekesha kidogo. Wayahudi walio nje ya Israeli huanza kuiomba mwanzoni mwa Desemba, kwa hesabu iliyofuata majira ya Babeli. Mkulima wetu wakati huo anaiaga vuli. Basi Sabato inapoingia, maombi yote 13 yanaondolewa. Zinabaki baraka sita, na moja ya Sabato yenyewe inawekwa katikati, jumla saba. Humwombi Mungu mshahara wala afya siku hiyo, maana kuorodhesha shida nako ni kubeba mzigo. Fikirini mkesha wetu mmoja tu ambao hakuna anayeomba chochote! Sijui tungejaza vipi muda.

Kiongozi huirudia Amida kwa sauti, na hapo ndipo penye jambo nililotaka kuwaambia usiku huu. Sala hii imejengwa juu ya kuitikia. Mtu anasema baraka, mwingine anajibu Amina. Kwa kawaida huitikii baraka uliyoisema mwenyewe; inahitaji mdomo wa pili. Ikifika Kedusha, maneno ya Isaya, "Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu", watu wote watanyanyuka juu ya vidole vya miguu mara tatu. Na zipo sala ambazo hazisemwi kabisa pasipo Wayahudi kumi waliotimiza umri, kuanzia miaka 13. Kumi hao wanaitwa minyani. Waorthodoksi huhesabu wanaume tu. Katika makundi mengine mengi wanawake huhesabiwa pia.

Kubwa kati ya sala hizo ni Kadishi. Aliyefiwa na mzazi huisema kwa miezi kumi na moja, kila siku, amesimama. Mila ilisema hukumu ya mtu mwovu huchukua miezi kumi na miwili. Mtoto anaishia wa kumi na moja ili asimshuhudie mzazi wake vibaya. Na ndani ya Kadishi hakuna neno kifo. Hakuna marehemu, hakuna kaburi. Kwa Kiaramu inasema: na likuzwe na kutakaswa jina lake kuu. Mtu ambaye Mungu amemwondolea mama yake anasimama mbele za watu kumtukuza Mungu huyohuyo, nao wanamjibu kwa nguvu, jina lake kuu libarikiwe milele na milele. Ile Kadishi ndefu ya kiongozi inaomba pia zikubaliwe sala za Israeli wote, na neno lililomo ni tselota. Neno letu sala limetufikia kwa njia ya Kiarabu, lakini kwao limelala hapo.

Asubuhi moja ya Jumanne, tena hukohuko ng'ambo, nilikaa katika chumba cha sala chenye watu tisa. Kijana mmoja alikuwa amefiwa na mama yake. Saa inakwenda, anatazama mlango. Mimi nipo, mwili wa kumi, lakini sihesabiki kwa kuwa si Myahudi, na sikuona vibaya. Hata matanga yetu yana mambo ya wenye ukoo. Mtu mmoja akatoka barabarani. Akarudi na mwenye duka la vifaa vya umeme, kalamu bado iko sikioni. Jumanne inaruhusiwa. Yule bwana hakumjua kijana wala mama yake. Alisimama, akaitikia Amina zake zote, akarudi dukani. Nilizika baba yangu miaka michache baadaye, na katika siku zile ambazo watu walikuwa wamekwisha kutawanyika na sufuria kurudishwa kwa wenyewe, nilimkumbuka sana mtu yule wa kalamu.

Niharakishe. Kusoma Torati mtakufurahia wenyewe: gombo limeandikwa kwa mkono, herufi bila irabu, watu saba wanaitwa mmoja mmoja, na msomaji akikosea neno, waumini wanamsahihisha papo hapo kwa sauti, hata akiwa rabi. Gombo likipitishwa katikati, simameni. Mgeni haitwi kusoma.

Nisiwaache na picha kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Sinagogi la Nairobi, lile la karibu na Uhuru Highway, mmelipita kwa matatu mara ngapi? La kwanza mahali hapo lilijengwa 1912, la sasa ni la 1955. Na kule Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa huko. Jemadari Semei Kakungulu alisoma Biblia yake, mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe, na jamii ikaanza bila Myahudi yeyote kuwafundisha. Idi Amin alipowapiga marufuku walisali kwa kificho. Gershom Sizomu, mtoto wa jamii hiyo, alipata urabi Los Angeles mwaka 2008 akarudi nyumbani. Ukiwa kilimani Nabugoye unasikia zaburi kwa Kiluganda, kwa gitaa na kwa sauti za kupokezana, na hakuna atakayekushawishi kwamba kuitikia ni kitu kilichotoka mbali.

Mama pale nyuma ameinua mkono tangu zamani. Karibu, mama.

(Anauliza: tukiitikia Amina, hatutakuwa tumeingia dini yao?)

Hapana, mama. Kuingia kwao si kwa mdomo mara moja, ni masomo ya miezi, pengine miaka, na marabi huwa hawana haraka. Sehemu kubwa ya utakayoyasikia ni zaburi unazozijua. Pale unapoelewa na unakubali, itikia. Pale usipoelewa, kaa kimya, hakuna atakayekuuliza. Ukimaliza watakusalimu "Shabbat shalom", nawe ujibu vivyo hivyo, kisha kuna divai, au maji ya zabibu kwa wasiokunywa, na mkate. Msiguse kikombe kabla baraka haijasomwa.

Basi litaondoka saa mbili kamili asubuhi. Majina nilishayapeleka kwao kwa sababu ya ulinzi, kila mtu aje na kitambulisho. Tutashuka mbali kidogo na kumalizia kwa miguu, maana wenyeji wetu hawaendeshi magari siku hiyo na si adabu kupiga honi mlangoni kwao. Na kalamu zenu, tafadhali, zibaki ndani ya basi.