Kangomba, Somo la Kwanza la Fedha

Ndugu wanafunzi, anayetaka kujifunza fedha bila mwalimu asikimbilie soko la hisa. Aanze na kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla hazijavunwa. Hapa Mtwara hakuna asiyeijua, na hesabu yake ni ileile ya benki. Serikali imeipiga marufuku na mimi siitetei. Ninachotaka ni muione kwa namba.

Tuseme mzee kabanwa na shida mwezi Agosti. Mchuuzi anampa shilingi 1,500 kwa kila kilo ya korosho ambayo bado iko mtini. Angeipeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikauzwa mnadani, mwezi Novemba angepata, baada ya makato yote, shilingi 2,400. Wengi husema kauza kwa bei ya hasara. Hapana, kakopa. Kachukua 1,500 na baada ya miezi mitatu atalipa kwa kilo yenye thamani ya 2,400. Riba ni 900, yaani asilimia 60.

Je, kwa mwezi ni ngapi? Ukigawa 60 kwa 3 unapata 20, na hapo ndipo wengi hukosea. Hakikisheni: 1.2 × 1.2 × 1.2 ni 1.728, imezidi 1.6 tunayoitafuta (2,400 ÷ 1,500), kwa sababu riba nayo huzaa riba. Kwenye kikokotoo cha simu, pandisheni 1.6 kwa kipeo cha 1 ÷ 3. Mtapata karibu 1.17. Basi ni asilimia 17 kwa mwezi.

Sasa badilisheni tarehe, kisha bei. Malipo ya mnada yakichelewa mwezi mmoja, kipeo ni 1 ÷ 4, na riba inashuka hadi kama 12.5. Bei ya mnada ikianguka, kilo ikawa na thamani ya 1,700 tu badala ya 2,400, riba ya miezi mitatu inakuwa kama asilimia 4.3 kwa mwezi. Mkopo ule ule wa 1,500, wakati au bei tofauti, jibu tofauti. Fanyeni hesabu hii mara kumi kwa mkono kabla ya kufungua kitabu chochote.

Mkopo nao una mtego wake. Chukua 600,000 kwa miezi sita, asilimia 5 kwa mwezi. Riba ikipigwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, ni 30,000 mara sita: 180,000. Ikipigwa kwenye deni lililobaki, huku ukipunguza 100,000 kila mwezi, ni 30,000, 25,000, 20,000, kushuka hadi 5,000: jumla 105,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni 75,000. Kabla ya kusaini, ulizeni riba inapigwa kwenye nini.

Mkimaliza hapo, pakueni taarifa ya mwaka ya kampuni yoyote iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Msianze na faida. Nendeni kwenye mtiririko wa fedha, yaani fedha taslimu zilizoingia na kutoka. Mkulima aliyeuza mnadani lakini hajalipwa ana mapato kwenye karatasi, na dukani bado anakopa chumvi. Kampuni nayo huweza kuwa hivyo: faida inapanda, wadaiwa, yaani fedha ambazo wateja hawajailipa, wanapanda kwa kasi zaidi, fedha taslimu inapungua. Linganisheni mistari hiyo mitatu kwa miaka miwili, mje nayo Jumamosi.