Mgeni Njoo: Maiti Kumi na Mbili na Haki ya Kucheka

Asanteni. Walimu wangu, waigizaji wenzangu, na nyinyi mliokosa viti mkaketi kwenye ngazi, poleni.

Nianze na fundi. Tulipokuwa tukitayarisha Mgeni Njoo, tafsiri yetu ya tamthilia ya Arsenic and Old Lace, nilikwenda soko la Gikomba, hapa Nairobi, kutafuta mtu wa kuniundia benchi la dirishani, lenye kifuniko, ndani wazi, mtu mzima aweze kulala. Fundi akatoa penseli nyuma ya sikio, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Marehemu alikuwa na urefu gani?" Nikamwambia hakuna marehemu, ni mchezo wa kuigiza. Akaandika futi sita na nusu. "Hata wa mchezo," akasema, "asikunjwe miguu."

Nilicheka njia nzima. Yeye hakuwa amecheka hata kidogo. Jioni ile niliwaambia waigizaji kwamba fundi yule angeweza kuwafundisha kazi kuliko mimi.

Kwa wasioijua, Arsenic and Old Lace ni tamthilia ya Mmarekani Joseph Kesselring. Ilifunguliwa Broadway, New York, Januari 1941, ikachezwa mara 1,444 hadi 1944. Dada wawili wazee, Abby na Martha Brewster, wanaishi Brooklyn. Mtaa mzima unawasifu. Akija mzee mpweke asiye na jamaa kutafuta chumba cha kupanga, wanamkaribisha, wanamsikiliza, kisha wanampa divai ya matunda waliyoitengeneza wenyewe. Kwa kila galoni wametia sumu: kijiko kimoja cha aseniki, nusu kijiko cha strikinini, na saianidi ya kuonja tu. Wanaona wanamtendea wema, wanampumzisha. Teddy, mtoto wa kaka yao, anaamini yeye ni Rais Theodore Roosevelt, na ndiye anayechimba makaburi chini ya nyumba akidhani anachimba Mfereji wa Panama. Maiti kwake ni watu waliokufa kwa homa ya manjano. Kumi na mmoja wameshazikwa. Wa kumi na mbili yumo ndani ya benchi la fundi wangu.

Tuliitafsiri, tukaiita Mgeni Njoo. Mnaijua methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji anapona kabisa! Na ile ya siku ya tatu mpe jembe, kwa akina Brewster jembe analo Teddy.

Kiswahili kilitusaidia mahali nisipotarajia. Kiingereza kina neno moja tu, aunt, Kiswahili kinakudai useme ni nani hasa. Hawa ni dada za baba, kwa hiyo ni shangazi, na ukumbini nyote mnajua shangazi ni mtu wa namna gani. Shangazi akikupa kikombe hukirudishi. Mortimer, kaka yake Teddy, anapofunua benchi na kuona mtu, anawauliza shangazi zake, nao wanamjibu kama mtu aliyeulizwa chumvi iko wapi. Nilimsisitiza sana kijana wetu: ukipiga mayowe, usimvunjie shangazi heshima.

Mazoezi yalikuwa mabaya mwanzoni. Dada aliyecheza Abby alikuwa akikonyeza watazamaji kila akishika glasi, kama kwamba tusingeelewa. Siku moja nikamwambia aache maneno yangu yote, anikaribishe kama nimefika kwao kijijini saa nane mchana. Akatoka. Akarudi na sinia. Akafuta ukingo wa glasi kwa pembe ya leso, akaiweka upande wa mkono wangu wa kulia, akasimama pale pale. "Kunywa baba, jua lilikuwa kali." Hakuondoka mpaka nilipomeza. Ilikuwa maji ya ukwaju, lakini nawaambia koo lilinikauka.

Sasa swali ninaloulizwa kila mara: je, sisi tunaweza kuchekea kifo? Wanaouliza wamesahau utani. Kwa Wazaramo na Wanyamwezi, mtani huja msibani akaiga marehemu alivyokuwa akitembea, akadai madeni ambayo hayakuwahi kuwapo, na wafiwa wanacheka huku machozi yakiwatoka. Hapigwi, kwa sababu ana haki. Utani una wenyewe. Mpita njia akifanya vile vile atafukuzwa kwa mawe, na itakuwa sawa.

Hilo nililijifunza kwa aibu. Nilitaka kuihamishia hadithi Nairobi, divai iwe pombe ya kienyeji, nyumba iwe Eastlands. Nilijiona mjanja. Mwigizaji mmoja, mtu mkimya, akainua mkono. Akasema, "Mjomba wangu alikunywa ile ya Mukuru." Mnakumbuka Novemba 2000. Pombe ya kumi kumi iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu mia moja hapa mjini, wengine wakapofuka. Walikuwa watu wa vibarua, waliolipa shilingi kumi. Hatukuwa watani wa marehemu wale. Nikaifuta ile rasimu, tukawaacha kina Brewster kwao Brooklyn.

Kuhusu neno la mwisho la Mortimer tulibishana wiki nzima. Anaambiwa si damu ya Brewster, anaruka kwa furaha kwamba yeye ni mwana haramu. Filamu ya 1944 ililikwepa neno hilo. Sisi tuliliacha, na mama wa kanisa letu walicheka kuliko wote. Sina maelezo.

Jambo moja halikuhitaji tafsiri. Teddy anaambiwa muhula wake umekwisha, naye anafurahi kwamba sasa atakwenda kuwinda Afrika. Roosevelt wa kweli alitoka madarakani Machi 1909, na Aprili alikuwa ameshashuka Mombasa na bunduki zake, akapanda reli kuja huku bara. Usiku wa kwanza Teddy alipotamka hayo, sauti ikatoka safu za nyuma: "Karibu Kenya!" Ukumbi ukavunjika. Brooklyn yote ikawa imefika kwetu bila mimi kuihamisha.

Na mwisho wake mnaujua, au mtaujua. Bwana Witherspoon, msimamizi wa nyumba ya wagonjwa wa akili, amekuja kumchukua Teddy. Shangazi wanamuuliza kama ana familia. Hana. Wanamletea glasi. Pazia linatakiwa kushuka akiiinua.

Usiku wa tatu, mama mmoja mzee wa safu ya pili alisimama. "Mwanangu, usinywe!" Kijana wetu akaganda, glasi mdomoni. Watu kimya. Abby akamgeukia yule mama, akafuta mikono kwa leso, akamwambia taratibu, "Mwache anywe, dada. Ametoka mbali." Hayo hayakuwa kwenye mswada. Nikamwashiria mtu wa pazia alishushe.