Maji Yanakupwa Saa Ngapi?

Assalaam alaykum. Wazee wetu mlioketi mbele, waalimu wenzangu, na nyinyi wanangu wa skuli mliojazana pale mlangoni kama watu wanaotafuta njia ya kutoroka, ahsanteni kwa kuja.

Nina suali moja kabla ya yote. Mmeona nimeomba mapazia yafungwe. Nani ataniambia, bila kutoka nje na bila kugusa simu, maji sasa hivi yanakupwa au yanajaa?

(Mikono minne ikanyanyuka.)

Minne. Mitatu ya wazee, na mmoja wa mama aliyekaa pembeni, ambaye miguu yake naiona bado ina mchanga. Ukumbi huu uko hatua mia mbili kutoka pwani! Lakini simcheki mtu. Mimi nimesomesha jiografia miaka mingi, nikachora jua, mwezi na dunia ubaoni kwa chaki za rangi, na sikumbuki hata siku moja niliyowatoa watoto darasani kwenda kuyatazama maji yenyewe.

Haya. Jana usiku mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo leo ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana. Na bamvua ya kwetu Unguja maji hupwa saa nne, saa tano hivi za asubuhi, kisha tena usiku. Sio leo tu, bamvua zote ziko hivyo. Kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50, mpaka wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, kupwa kunaangukia alasiri. Mama zetu hawahitaji jedwali kujua hayo. Liwekeni jambo hili la saa nne akilini, nitalirudia.

Skuli moja niliyowahi kufundisha ilikuwa na bango la mabadiliko ya tabianchi: dubu mweupe amesimama juu ya kipande cha barafu. Watoto walimhurumia sana yule dubu. Siku moja nikawauliza, kiti cha pweza ni nini? Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, akanijibu: "Ni kiti anachokalia pweza, mwalimu." Kiti cha pweza ni yule mnyama wa ncha tano kama nyota, unampita kila ukishuka pwani. Mtoto anamjua mnyama wa ncha ya dunia na hamjui wa mlangoni kwao. Sina ugomvi na dubu. Ugomvi wangu ni kwamba ukimwonesha mtu barafu tu, ataamini mambo haya yanatokea kwa wenye barafu.

Sasa sikilizeni upepo. Huu ni mwezi wa tatu. Kaskazi imechoka, kusi haijaingia. Wazee wanauita wakati huu tanga mbili, au maleleji: upepo leo huku, kesho kule, saa nyingine hakuna kabisa, bahari imelala kama mafuta kwenye sinia. Watalii wanaupenda. Mimi siku hizi unanitia wasiwasi, na nitawaambia kwa nini.

Kusi ikivuma, mwezi wa saba na wa nane, inaivuruga bahari, inachanganya maji ya juu na ya chini, na joto la maji linashuka mpaka karibu digrii 25. Tanga mbili ni kinyume chake. Jua liko utosini, upepo hakuna, maji ya juu yanakaa pale pale yakichemka taratibu. Hapo ndipo matumbawe yanapopatikana na balaa. Tumbawe ni mnyama, si jiwe, ingawa nyumba zetu tumezijenga kwa mifupa yake. Ndani ya nyama yake inaishi mimea midogo mno isiyoonekana kwa jicho, inayomlisha na kumpa rangi. Joto likizidi digrii moja tu juu ya kiwango cha msimu wake wa joto, likakaa hivyo kwa wiki kadhaa, humtoka yule mpangaji wake. Anabaki mweupe. Kusi ikiwahi, anaweza kupona. Ikichelewa, anakufa njaa.

Mwaka 1998, mwaka wa El Niño kubwa, lile joto la Bahari ya Pasifiki linalovuruga hali ya hewa duniani, nilikuwa kijana na nikatoka na mjomba wangu kwa ngalawa mpaka mwambani. Maji yalikuwa maangavu. Nikachungulia, chini kote kweupe, kama mtu amemwaga maua ya mharusi. Nikamwambia, "Mjomba, tazama palivyopendeza!" Hakujibu. Alivuta nanga, akahama mahali, akachungulia tena, akahama tena. Mara ya tatu ndiyo aliposema: "Hapa pamepikwa." Tukarudi na samaki wawili, pono.

Nimelifikiria neno lile miaka yote hii. Mjomba hakuwahi kukaa darasani, lakini alijua mahali pale palivyokuwa mwaka juzi na mwaka wa kabla yake. Mimi nilikuwa nikipaona kwa mara ya kwanza, ndiyo maana nikaona pambo. Weupe ule ulirudi 2016, ukarudi tena 2024.

Na sasa saa nne yangu. Mwani wa biashara uliletwa kwetu mwaka 1989, mbegu kutoka Ufilipino, ukaanzia Paje na Jambiani. Zikaja aina mbili: kotonii, mnene, wenye bei, na spinosamu, mwembamba, wa bei ya chini. Zaidi ya asilimia 80 ya wakulima ni wanawake, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Vigingi, kamba, fundo moja moja, kiuno kimeinama, maji magotini. Baada ya wiki sita unavuna.

Wakati gani wanashuka? Bamvua, maji yakipwa. Yaani saa nne, saa tano, jua linapanda, na mwani umelala kwenye maji ya kina cha kiganja. Tia mguu kwenye dimbwi la saa sita mwezi huu, utauondoa. Kotonii haikuvumilia. Mama alikuwa akileta nyumbani matawi yenye vipande vyeupe kama kucha, ukigusa yanakatika. Kitaalamu maradhi hayo yanaitwa aisi-aisi; aisi kwa Kiingereza ni barafu; jina la barafu kwa maradhi ya joto, sijui nani alikaa akalibuni. Mmea ukidhoofishwa na joto au na chumvi iliyobadilika, bakteria wanaumalizia. Mama alisema fundo zake mbaya. Jirani akasema mbegu imechoka. Wengine, mnatujua, wakasema hasadi. Mwisho wakabaki na spinosamu, kazi ile ile, fedha kidogo. Maji ya kina kirefu yana ubaridi zaidi, kotonii inaweza kukaa huko, lakini huko kunataka chombo na kuogelea, na nani aliwafundisha mama zetu kuogelea?

Hapo niweke breki kidogo, maana kuna watu sasa hata paa likivuja wanasema tabianchi. Kimbunga Hidaya kilipofika upande wa Mafia mwezi wa tano 2024, nilisikia ikisemwa kwamba jambo hilo halijapata kutokea. Limepata. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu kisiwa kizima. Mtu asiyeweka kumbukumbu hushindwa kote kuwili: hajui kipya, na hajui cha zamani.

Kwa hiyo kila mwanafunzi hapa atapewa daftari. Halina maswali. Lina safu nne: tarehe, upepo unatoka wapi, maji yamepwa saa ngapi, umeona nini. Ukiona kiti cha pweza, andika. Usipoona, andika pia, hilo nalisisitiza kwa sababu mtakuwa wavivu wa kuandika kitu ambacho hakipo.

Saa yangu inasema saa nne kasorobo. Fungueni mapazia. Mzee aliyenyanyua mkono wa kwanza atatangulia, na yule mama atatuonesha kamba zake. Vaeni viatu vya plastiki, kuna miiba, na asiyekuwa navyo apite juu ya mchanga, si kwenye nyasi.