Deni la Kale na Mafao ya Ulemavu

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie jambo linalowakosesha usingizi wengi wanaoishi Marekani kwa mafao ya ulemavu, nalo ni deni la kadi ya mkopo lililobaki tangu siku walipokuwa na nguvu za kufanya kazi. Aghalabu huanza kwa simu. Mpigaji hutaja kampuni ambayo mdaiwa hajawahi kuisikia, maana deni limekwisha kuuzwa, kisha kwa sauti ya upole huomba dola 20 tu za kuonyesha nia njema. Mtu muungwana huona haya, akalipa. Nawasihi msilipe kabla hamjajua umri wa deni hilo.

Kila jimbo limeweka ukomo wa muda wa kudai mahakamani, na katika majimbo mengi ni kati ya miaka 3 na 6, ingawa yapo yenye muda mrefu zaidi. Ukomo ukishapita, deni huwa halijafutika, lakini limeng'oka meno. Zile dola 20, katika majimbo mengi, huanza hesabu upya, na deni lililokuwa limelala likaamka. Hilo ndilo linalonichoma moyo, kwamba heshima ya mtu inageuzwa kuwa kamba ya kumfungia. Tangu Novemba 2021, kanuni za shirikisho zinamkataza mkusanya madeni kushtaki au kutishia kushtaki kwa deni lililopitwa na muda. Kuomba, kwa kawaida, hakukukatazwa.

Mafao yenyewe yana ngome. Kifungu cha 207 cha Sheria ya Hifadhi ya Jamii kinamzuia mdai wa kadi kuyakamata, hata akiwa na hukumu mkononi. Tangu Mei 2011, benki inayopokea amri ya kukamata fedha hulazimika kuangalia miezi 2 ya nyuma na kumwachia mwenye akaunti kiasi kinacholingana na mafao ya shirikisho yaliyoingizwa humo moja kwa moja. Anayepeleka hundi benki mwenyewe hapati kinga hiyo papo hapo. Itambidi akathibitishe asili ya fedha zake akiwa tayari amezuiliwa. Kwa hiyo mafao yaingie moja kwa moja, na ikiwezekana yasichanganywe na fedha nyingine.

Kinga hiyo isimfanye mtu apuuze mahakama. Mzee mmoja aliniletea mfuko wa bahasha ambazo hazikuwa zimefunguliwa, na katikati yake ilikuwemo samansi ambayo muda wa kuijibu ulikwisha pita. Deni lake lilikuwa limepitwa na wakati, lakini mahakama haimtetei asiyejitokeza kusema hivyo, na hukumu ikishatolewa hudumu miaka mingi ikisubiri siku atakayopata mali nyingine. Samansi hujibiwa kwa maandishi, na ukomo wa muda hutajwa waziwazi.

Simu nazo zinaweza kukomeshwa. Sheria ya mwaka 1977 inampa mdaiwa haki ya kumwandikia mkusanya madeni aache kuwasiliana naye, na barua hiyo haihitaji wakili: namba ya deni, sentensi ya kukataa mawasiliano, nyingine ya kueleza kwamba kipato ni mafao ya ulemavu, pasiwe na neno la kukiri deni wala ahadi ya kulipa. Ipelekwe kwa rejista, na nakala ibaki nyumbani pamoja na stakabadhi, kwa kuwa deni likiuzwa tena, kampuni mpya nayo itapiga simu, na barua italazimika kuandikwa upya.