Kabla Hujahama Chuo, Piga Hesabu

Mwenyekiti, wazazi mliotoka mbali, na ninyi wanangu wa mwaka wa kwanza, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie kuhama chuo, na najua kwa nini nimeombwa mwezi huu: matokeo ya muhula wa kwanza yametoka.

Tuanze na hesabu, maana ofisini watu huja na machozi, na nusu saa hupotea kabla hatujashika kalamu. Mchukue mwanafunzi mwenye kozi tano, zote za krediti 12, yaani uzito sawa. Amepata B+ moja, C mbili, D moja na E moja. Kwa mizani ya alama tano wanayotumia wengi wenu hapa, B+ ni 4, C ni 2, D ni 1, E ni sifuri. Jumla 9, gawanya kwa 5, GPA, yaani wastani wa alama zake, ni 1.8. Kijana akiiona hiyo 1.8 anafunga begi moyoni. Ngoja kwanza. Akifanya sapu zote mbili, yaani mitihani ya marudio ya hizo D na E, na kufaulu, hata akiandika majibu ya kumshangaza mtungaji, anapewa C tu. Lakini D na E zimeondoka, jumla imekuwa 12, GPA 2.4. Kama programu yake ni ya miaka mitatu, amebakiwa na mihula mitano. Tuchukulie uzito wake ni uleule. Amalize na 3.5, daraja la pili la juu? Anahitaji wastani wa 3.72 katika hiyo mitano. Hiyo ni kazi ya kweli, inataka B+ nyingi na B chache. Amalize na 2.7, daraja la pili la chini? Anahitaji 2.76. Mtu wa 2.76 hana haja ya kuhama. Ana haja ya kuamka aende kipindi cha saa moja asubuhi. (Kicheko)

Siwakatazi kuhama. Ninachouliza ni kimoja: hicho kilichokuangusha kitabaki hapa, au utapanda nacho basi?

Wengi wenu kimewaangusha kitu ambacho hakuna aliyewaeleza. Krediti moja, kwa utaratibu wetu wa Tanzania, ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Kozi tano ni saa 600 kwa muhula, na muhula wa wiki 17 pamoja na mitihani unakudai saa 35 kila wiki. Sasa angalia ratiba yako: darasani huko hufikishi hata saa 25. Zilizobaki ni zako, maktaba au geto, bila mwalimu wa kukuandikia nondo ubaoni kama kidato cha sita. Mtu aliyepata daraja la kwanza kwa kukariri nukuu za mwalimu anaingia ukumbi wa watu mia kadhaa, anasikia Kiingereza cha mhadhiri kwa spika inayokoroma, anajiambia atasoma bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, likitoka. Bumu linachelewa. Likitoka, nusu limekwenda kwenye madeni na kidogo kwenye mikeka ya kubeti. Huyu mpeleke chuo chochote, hizo saa 35 zitakuwa zinamsubiri getini.

Yupo wa aina ya pili. Huyu alitaka uuguzi akapangiwa takwimu, na anafaulu kila kozi isiyo na namba. Au nyumbani kuna mgonjwa, na chuo kiko mwendo wa siku nzima kwa basi. Huyu namwambia ahame, tena mapema.

Mapema maana yake nini? Mwanzoni mwa mwaka wa kwanza kuna dirisha la uhamisho kupitia vyuo na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Wakati huo unapimwa kwa sifa za kuingilia, yaani ufaulu wako wa kidato cha sita au diploma, pamoja na nafasi iliyopo. Dirisha likifungwa, njia inayobaki ni kuhamisha krediti, na hapo matokeo yako ya chuo yanawekwa mezani. Chuo kipya kinalinganisha kozi kwa kozi: ulisoma nini, ulifaulu, inafanana na yao? Uliyofeli haihamishiki. Ndiyo maana nawasihi mfanye sapu kabla ya kuondoka, hata kama umeshamchukia mhadhiri na mlango wake. Kila C unayoiokoa ni kozi ambayo huenda hutairudia wala kuilipia mara ya pili.

Wapo wanaodhani wataondoka kimyakimya, mwakani waombe upya kama vile hawajawahi kukanyaga chuo. Namba ya kidato cha nne unayoombea ni ileile. Na ukiacha mitihani bila ruhusa, faili lako linaandikwa umetoroka masomo, na hiyo ni kudisko, kuondolewa chuo, kwa jina lingine. Mwenzako aliyebanwa na ugonjwa au ada akaomba barua ya kuahirisha mwaka anarudi na kiti chake kipo. Sijui kwa nini kuahirisha kunaonewa aibu kuliko kudisko.

La mkopo nalisema harakaharaka, ingawa ndilo linaloumiza. Mwanafunzi anadisko, deni halidisko. Pesa ulizokula za Bodi ya Mikopo zinabaki jina lako. Ukihama, toa taarifa kwa ofisa mikopo wa chuo unachotoka na wa chuo unachokwenda, upate majibu kwa maandishi kabla hujabeba godoro. Bumu la 10,000 kwa siku halikufuati lenyewe. Na ukianza upya mwaka wa kwanza, shahada ya miaka mitatu imekuwa minne. Uliza mapema ule wa nne nani ataulipa.

Wazazi, ombeni kuona karatasi ya matokeo yenyewe, si kusimuliwa kwa simu. Mtoto akiileta, msianze na ada mliyolipa. Anzeni na ile E, mwulizeni ilikuwa kozi gani.

Naona mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja mkopo. Tuanze na yeye.